Kupima Kazi ya Umma: Kilichofanywa na Kilichobadilika

Walioketi karibu na redio na waongeze sauti kidogo, ili na walio nyuma wapate kusikia. Mwalimu wa darasa awe na chaki mkononi, kwa maana leo tutaandika hesabu chache ubaoni. Na wewe unayesoma maneno haya baadaye katika karatasi, soma polepole, na ukifika penye hesabu, ifanye mwenyewe kabla ya kuendelea.

Leo twajifunza namna ya kupima kazi za umma. Kazi ya umma ni kazi yo yote inayofanywa kwa fedha ya watu wote: kisima, zahanati, shule, josho la ng'ombe, barabara, kampeni ya vyoo, hata darasa hili unalohudhuria. Fedha hiyo imetoka katika kodi, katika ushuru wa pamba na wa mnada, au katika mkopo ambao watoto wetu watakuja kuulipa. Kwa hiyo hakuna mtu wa kuambiwa kwamba hayamhusu. Kila mmoja ana haki ya kuuliza: Je, kazi hii imefaa?

Lakini angalia. Katika mikutano yetu mara nyingi huulizwa swali jingine, nalo ni hili: Je, kazi imefanyika? Maswali hayo mawili yafanana kama mapacha, lakini si mamoja. Mtu akirudi jioni kutoka shambani na kusema, "Leo nimelima sana," mkewe hamwulizi amepiga hatua ngapi nyuma ya jembe la ng'ombe. Atangoja mavuno. Hatua ni kazi iliyofanyika. Gunia ghalani ndilo jibu la kwamba kazi ilifaa. Hata hivyo, taarifa nyingi zinazosomwa mbele ya watu huhesabu hatua: semina ngapi zimefanyika, mifuko mingapi ya saruji imetumika, watu wangapi wamehudhuria. Msomaji akimaliza, watu hupiga makofi na kwenda nyumbani.

Yapo maneno mawili ya kushika. Neno la kwanza ni tija. Tija yatujulisha tumepata kiasi gani kwa kile tulichotumia. Mtu anayevuna magunia 8 katika ekari moja ana tija kuliko anayevuna magunia 3 katika ekari iliyo sawa na ile, kwa mbegu na nguvu zile zile. Neno la pili ni ufanisi. Ufanisi unauliza kama lile tulilokusudia limepatikana. Wakubwa huyachanganya maneno haya katika hotuba, na hatuwezi kuwazuia, lakini darasani tuyatenganishe. Kazi yaweza kuwa na tija isiwe na ufanisi, kwa mfano kujenga upesi na kwa bei nafuu zahanati isiyo na mganga. Na yaweza kuwa na ufanisi isiwe na tija, kama vile kuua panya kwa kuchoma ghala zima.

Haya, tuandike ubaoni. Huu ni mfano wa kubuni. Msiutafute katika kijiji cho chote. Tuseme vijiji viwili vimechimbiwa visima vyenye pampu ya mkono. Kisima cha kwanza kimegharimu shilingi 24,000,000 na kinahudumia watu 300. Kisima cha pili kimegharimu shilingi 30,000,000 na kinahudumia watu 500. Gawanya.

24,000,000 ÷ 300 = 80,000
30,000,000 ÷ 500 = 60,000

Kila mtu wa kijiji cha kwanza amegharimiwa shilingi 80,000, na kila mtu wa kijiji cha pili shilingi 60,000. Bila shaka mtasema kwamba kisima cha pili kina tija zaidi. Ni kweli, kama mkipima siku ile ya kufungua, utepe ukikatwa na ngoma zikipigwa.

Sasa tungoje kidogo. Kijiji cha kwanza kilichagua kamati, kila nyumba ikatoa mchango mdogo, na fundi mmoja akafundishwa kufungua pampu na kubadili mpira wake. Kisima kikatoa maji miaka 10. Katika kijiji cha pili hapakuwa na fundi wala akiba ya vipuri, na baada ya miaka 2 pampu ikanyamaza. Gawanyeni tena, safari hii kwa miaka ya maji.

80,000 ÷ 10 = 8,000
60,000 ÷ 2 = 30,000

Mmeona? Kisima kilichoonekana rahisi kimekuwa ghali karibu mara nne. Hesabu ya kwanza haikuwa ya uongo. Ilipigwa mapema mno tu, na ilihesabu kisima wakati watu walichotaka ni maji.

Wala jambo hili si la ubaoni peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Wizara ya Maji iliagiza vituo vyote vya maji vijijini vihesabiwe, kimoja kimoja, nchi nzima. Ilionekana kwamba karibu vituo 4 katika kila 10 havikuwa vikitoa maji. Kila kimoja cha vituo hivyo kiliwahi kuandikwa katika taarifa fulani kwamba kazi imekamilika. Mama aliyebeba ndoo kwenda kuchimba kisima cha mchanga mtoni hakusaidiwa na taarifa hiyo.

Sasa tutoke kwenye visima tuje kwenu wenyewe, kwa sababu ninyi pia mmepata kuhesabiwa, ninyi na wazazi wenu. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100 wa nchi yetu, karibu 67 hawakujua kusoma na kuandika. Tangu mwaka 1968 mpaka 1972, Serikali pamoja na shirika la UNESCO waliendesha mradi wa majaribio uliokuwa na makao yake Mwanza, katika mikoa ya Ziwa, na Shinyanga ilikuwamo. Wakati huo nchi hii yetu ya Bariadi na Itilima ilihesabiwa ndani ya Shinyanga, maana Mkoa wa Simiyu umezaliwa mwaka 2012. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumza juu ya kazi zao: pamba, uvuvi, migomba, malezi ya watoto. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliufanya kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisha ikafuata kampeni ya nchi nzima. Mitihani ya taifa ikafanywa mwaka 1975, 1977, 1981, 1983 na 1986. Katika ule wa mwisho ilitangazwa kwamba wasiojua kusoma wamebaki chini ya 10 katika kila watu wazima 100.

Kutoka 67 mpaka chini ya 10 kwa muda wa miaka 20 ni kazi kubwa, na mtu asiikejeli. Nchi tajiri kuliko yetu hazikuifanya. Lakini sisi leo tunajifunza kupima, kwa hiyo tuulize: Ni nini hasa kilichohesabiwa?

Waliotunga mitihani ile walikuwa watu wenye busara. Hawakuwagawa watu katika mafungu mawili tu, wajuao na wasiojua. Waliweka ngazi nne. Ngazi ya chini kabisa ilikuwa ya mtu aliyejiandikisha na kuhudhuria darasa. Ngazi ya juu ilikuwa ya mtu anayetumia kusoma katika maisha yake, mathalani kusoma gazeti na kuandika mapato na matumizi yake. Kati ya ngazi hizo mbili kuna safari ndefu, kama mjuavyo wenyewe. Ukitaka kusifiwa haraka, hesabu walioandikishwa: ni mamilioni. Ukitaka kujua kama fedha ya vitabu, taa na posho za walimu imefaa, hesabu wale wa ngazi ya juu. Namba zote mbili zaweza kutoka katika darasa moja, jioni moja.

Tena, sikilizeni jambo la pili. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye miaka 15 na zaidi, karibu 78 ndio waliojua kusoma na kuandika. Basi wasiojua walikuwa 22 hivi. Mbona mwaka 1986 walisemwa kuwa chini ya 10? Je, waliibiwa usiku?

Sababu ziko zaidi ya moja. Kwanza, waliojifunza zamani wengine walisahau, maana kijijini hapakuwa na gazeti wala kitabu cha kuendelea kusoma, na panga lisilonolewa huota kutu. Pili, baada ya hapo ilifika miaka migumu ya uchumi, watoto wengi hawakwenda shule au waliacha njiani, nao wakakua wakawa watu wazima wasiojua kusoma. Tatu, vipimo vyenyewe havikuwa sawa. Mwaka 1986 watu walifanyishwa mtihani; katika sensa mtu huulizwa tu, naye hujibu. Anayepima nguo kwa mkono wa mtu mfupi, kesho akaipima kwa mkono wa mtu mrefu, asishangae akiona nguo imepungua. Kwa hiyo kabla ya kushangilia namba kupanda au kulia namba kushuka, uliza kwanza kama kipimo ni kile kile.

(Mwalimu wa darasa asimamishe hapa kidogo. Wanafunzi waambiane: Je, mimi niko ngazi gani? Nasoma nini nikiwa nje ya darasa?)

Turudi. Nataka niwakumbushe kampeni moja iliyopita katika redio, kama somo hili lipitavyo. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu walikusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza habari za malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wapatao milioni 2 walihudhuria. Kwa tija, ni vigumu kupata kazi iliyoishinda ile: sauti moja kutoka Dar es Salaam iliwafikia watu wote hao kwa wakati mmoja.

Lakini waliopewa kazi ya kupima hawakuridhika na idadi ya wasikilizaji. Walikwenda vijijini wakatazama nyumba kabla ya kampeni, na wakarudi kuzitazama baadaye. Je, pana choo? Je, nyasi zimefyekwa kuzunguka nyumba? Hilo ndilo jambo la kuiga. Mbu hamwogopi mtu kwa sababu amesikiliza redio; atakimbizwa na fyekeo. Wakaona kweli kwamba nyumba nyingi zilikuwa zimebadilika, vyoo hasa. Angalia pia kwamba walikwenda kabla. Asiyeipima ng'ombe siku ya kuinunua hawezi kujua imenenepa kwake kiasi gani.

Na hapa twaingia katika swali gumu kuliko yote ya leo. Tuseme tumepima kabla, tukapima na baada, tukaona mabadiliko mema. Je, twaweza kusema yameletwa na mradi wetu?

Wazee wa nchi hii wana historia inayofaa kwa swali hili. Mwaka 1947 Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Wilaya ya Maswa, ambayo ilitawala mpaka huku kwetu, ilikuwamo. Malambo mengi yalichimbwa, mapori ya mbung'o yakafyekwa, na watu wakahimizwa kuhamia Geita penye ardhi tupu. Hayo watu waliyapokea, mengine kwa furaha. Lakini zilitoka pia amri: kulima kwa matuta yaliyofungwa ili yashike maji, kuweka samadi, na kupunguza ng'ombe. Aliyekaidi alitozwa faini. Watu walizichukia amri hizo hasa, na kabla ya Uhuru ziliachwa.

Sasa fikiri kwamba wewe ni ofisa wa miaka ile na unatakiwa kuandika taarifa. Unatazama hesabu za pamba: zao la Jimbo la Ziwa limeongezeka mara kadhaa katika miaka ya 1950. Unaandika, "Mpango umefaulu." Nani atakupinga? Namba ni za kweli.

Lakini ukitembea shambani utaona habari nyingine. Pamba iliongezeka kwa sehemu kubwa kwa sababu watu walifungua mashamba mapya na kupanua ya zamani, wakatumia majembe ya kukokotwa na ng'ombe, wale wale ng'ombe walioambiwa wawapunguze. Kituo cha Ukiriguru kilikuwa kimetoa mbegu bora. Wakulima walikuwa wameanza vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana chini ya uongozi wa Paul Bomani, ili wauze pamba kwa mizani isiyowapunja. Mtuta uliofungwa kwa amri na faini haukuwa na sehemu kubwa katika hayo. Ukisifu mpango wote kwa jumla, mwenzako atakayekuja baada yako atadhani faini ndizo zilizoleta pamba, naye atatoza faini tena. Ndiyo maana kipimo kibaya chaweza kuleta hasara kuliko kutopima kabisa.

Basi tutajuaje? Ipo njia moja, nayo si ngeni kwa mkulima. Ukitaka kujua kama mbolea fulani inafaa, hutii shamba zima. Unatia mistari kadhaa, mingine unaiacha, udongo ukiwa mmoja na mvua moja. Wakati wa mavuno unalinganisha. Mistari iliyoachwa inakuonyesha ingekuwaje kama usingetia cho chote.

Njia hiyo ilitumika hapa Tanzania katika shule za msingi. Mwaka 2013 na 2014 taasisi iitwayo Twaweza iliendesha jaribio lililoitwa KiuFunza katika shule 350 za serikali. Shule ziligawanywa kwa kura, wala si kwa kupendelea. Kundi la kwanza, shule 70, lilipelekewa fedha ya ruzuku, shilingi 10,000 kamili kwa kila mtoto kwa mwaka. Kundi la pili, shule 70, halikupata ruzuku hiyo, bali mwalimu wa madarasa ya kwanza mpaka la tatu aliahidiwa bahshishi ya shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu mtihani wa somo lake. Kundi la tatu, shule 70, lilipata vyote viwili. Shule 140 zilizobaki zikaachwa kama zilivyo. Hizo ndizo mistari isiyotiwa mbolea.

Kabla sijawaambia jibu, mwalimu asimamishe, kila mtu aseme ni kundi gani lilifanya vizuri.

Haya. Katika shule zilizopata ruzuku peke yake, fedha ilifika, na vitabu na vifaa vilinunuliwa. Lakini baada ya miaka miwili watoto hawakujua kusoma na kuhesabu zaidi ya wenzao wa zile shule zilizoachwa. Katika shule zilizopata ahadi ya bahshishi peke yake, mabadiliko yalikuwa ya kukisia, huku yanaonekana, huku hayaonekani. Katika shule zilizopata vyote viwili, watoto waliendelea waziwazi, na maendeleo yao yalizidi hata ukijumlisha ya makundi mawili ya kwanza. Mwalimu mwenye moyo asiye na kitabu ni kama mkulima mwenye nguvu asiye na jembe. Na jembe jipya lililosimamishwa ukutani halilimi.

Ona hatari iliyokuwapo. Mkaguzi wa hesabu angefika katika kundi la kwanza angekuta kila kitu safi: stakabadhi zipo, vitabu vipo, shilingi haikupotea. Angeandika "vizuri sana". Naye angekuwa amesema kweli, kwa maana kazi yake ni kukagua fedha. Lakini mtoto hakujifunza zaidi. Wapimaji waligundua pia kwamba nyumba nyingine zilipoona shule imepata fedha, wazazi walipunguza matumizi yao wenyewe juu ya mtoto. Si ubaya, mzazi naye ana mambo mengi ya kulipia. Ila fedha iliyoingia kwa mlango wa mbele nyingine ilitoka kwa mlango wa nyuma.

Mtu mmoja darasani atauliza, "Je, ni haki kuziacha shule 140 bila kitu?" Swali ni zuri. Kama ungekuwa na hakika kwamba dawa inaponya, kumnyima mgonjwa ni dhambi. Lakini hapa hakuna aliyekuwa na hakika, wala fedha haikutosha shule zote, na kura ilimpa kila mmoja nafasi sawa. Mimi naona kwamba kumwaga mabilioni nchi nzima bila kujua kama yanafaa ni dhuluma kubwa zaidi, ingawa haionekani kwa macho.

Si kila kazi yaweza kupigiwa kura namna hiyo. Huwezi kuiachia nusu ya barabara ili uilinganishe. Mara nyingine utalinganisha kijiji chako na jirani, na mara nyingine utapima muda mrefu tu na kuwauliza watu wenyewe. Mfano wake mnaujua: ni ngitili.

Wakoloni waliposafisha mapori ili kufukuza mbung'o, na baadaye pamba na mifugo vilipoongezeka, Shinyanga yote ilibaki karibu uwanda mtupu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi huuita HASHI, kwa msaada wa nchi ya Norway. Mwanzoni walitaka kugawa miche ya miti. Baadaye wakawasikiliza wazee, wakarudia desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi, na dagashida zikatumika kuweka sheria za kulinda maeneo hayo. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Lakini hekta si chakula. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2005 haukuhesabu hekta tu, uliuliza watu wanapata nini humo. Kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, asali, dawa, matunda, maji. Thamani yake ilikadiriwa kuwa dola 14 za Kimarekani kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati mtu wa kijijini Tanzania kwa wastani alikuwa akitumia dola 8 na nusu. Hapo ndipo ufanisi ulipoonekana. Wakahesabu na hasara: msitu uliporudi, wanyama pori nao walirudi, fisi akachukua mbuzi na ndege wakala mtama. Anayetaja faida akaacha hasara amepima kwa mizani yenye sahani moja.

Nao uchunguzi ule uliuliza swali ambalo taarifa nyingi hulikwepa: Nani amepata? Wastani huficha mambo. Kama Masanja ana ng'ombe 100 na jirani yake hana hata mmoja, wastani ni ng'ombe 50 kwa kila mmoja, lakini huyo jirani hatakunywa maziwa ya wastani. Ilionekana kwamba wenye ardhi kubwa walikuwa na ngitili zao wenyewe na kufaidi zaidi kuliko maskini, ambao walitegemea ngitili za kijiji. Kijiji kilichojua hivyo kiliweza kuzilinda zile za kijiji.

Sasa, kwa sheria ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji haunabudi kufanyika kila miezi mitatu, na kila mkazi wa miaka 18 na zaidi anao uhuru wa kusema humo. Hapo zamani wengi wetu tulisikiliza tu taarifa ikisomwa, kwa kuwa karatasi ilikuwa mkononi mwa mwingine. Wewe sasa waweza kuishika na kuisoma. Huna haja ya kumgombeza mtendaji wala kumshuku mtu; uliza kwa adabu, na umwachie nafasi ya kujibu. Mara nyingi naye angependa kujua.

Kazi ya darasa kwa juma hili ni kama ifuatavyo. Chagueni kazi moja ya umma iliyofanyika karibu nanyi katika miaka 5 iliyopita. Ikiwa ni kisima, wanafunzi wawili waende asubuhi mapema, wahesabu ndoo zinazojazwa mpaka saa 3, wawaulize akina mama walikuwa wakichota wapi zamani na walitumia muda gani. Ikiwa ni choo cha shule, mtazame kama njia ya kwenda huko imekanyagwa au imeota majani. Andikeni gharama yake kama imo katika taarifa ya kijiji, gawanyeni kwa idadi ya watu wanaotumia. Kisha mwandike jirani zenu wasio na kazi hiyo wanaishije. Na katika ukurasa wa mwisho wa daftari, kila mmoja aandike kwa mkono wake mwenyewe jambo moja ambalo darasa hili limembadilishia nyumbani kwake tangu alipoanza. Kama halipo bado, aandike hivyo hivyo, na daftari zote ziletwe kwa mwalimu siku ya Ijumaa.